Joto na Bongo la Kompyuta

Je, umewahi kugusa sehemu ya chini ya kompyuta iliyowashwa kwa muda mrefu? Au umewahi kushika simu ya mzazi wako baada ya kutazama picha zinazotembea kwa nusu saa? Ulihisi nini mkononi? Bila shaka ulihisi joto. Joto hilo halikutoka juani wala jikoni. Limetoka wapi, basi? Na je, laweza kuiharibu mashine yenyewe?

Katika somo hili tutayachunguza maswali hayo mawili. Ili tuyachunguze vizuri, tutakwenda mahali pawili palipo karibu lakini penye hali ya hewa tofauti sana: Mbinga na Mbamba Bay, katika Mkoa wa Ruvuma.

Milimani na ziwani

Tazama ramani ya Tanzania. Upande wa kusini-magharibi utaliona Ziwa Nyasa, refu na jembamba. Uso wa ziwa hilo uko mita zipatazo 475 juu ya usawa wa bahari. Mbamba Bay iko ufukweni. Ukiondoka hapo kwa barabara kuelekea kaskazini-mashariki, utapanda milima kwa kilomita zipatazo 67, na mwisho utafika mji wa Mbinga, katika nchi ya Wamatengo, walimaji wa kahawa na wenye mashamba ya ngoro. Huko uko juu zaidi ya mita 1,200. Zamani sehemu zote mbili zilikuwa katika Wilaya ya Mbinga. Mwaka 2012 ilianzishwa Wilaya ya Nyasa, na Mbamba Bay ikawa makao yake makuu.

Mwezi wa Julai watoto wa Mbinga huenda shuleni wamevaa masweta, na asubuhi pumzi zao huonekana kama moshi. Mwezi wa Novemba, kabla ya mvua kushika, watoto wa Mbamba Bay hutafuta kivuli cha miembe.

Sasa tuseme kuwa shule moja ya Mbinga na shule moja ya Mbamba Bay zimepewa kompyuta za aina moja, siku moja, kwa kazi moja. Ni ipi itakayoharibika kwanza kwa sababu ya joto? Usisome zaidi. Andika jibu lako katika daftari, na sababu yake, ndipo uendelee.

Joto la kompyuta latoka wapi?

Ndani ya kila kompyuta kuna kipande kidogo kinachofanya hesabu zote na kutoa amri zote. Kipande hicho huitwa prosesa. Watu wengi hukiita bongo la kompyuta, na jina hilo si baya, ingawa prosesa haifikiri kama wewe. Ndani ya simu pia mna prosesa.

Prosesa hutengenezwa kwa silikoni. Silikoni hupatikana katika mchanga wa aina fulani, ule mweupe wenye kumeta. Juu ya kipande cha silikoni kilicho karibu sawa na ukucha wa kidole gumba huchorwa swichi ndogo mno ziitwazo transista. Ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuziona hata kwa lenzi ya shuleni, na idadi yake katika prosesa za siku hizi hufikia mabilioni.

Unajua kuwa swichi ya taa hufunguliwa na kufungwa kwa kidole, labda mara nne kwa usiku mmoja. Swichi za prosesa hufunguka na kufunga mamilioni ya mara kwa sekunde moja, na zaidi. Kila zinapofanya hivyo, umeme hupita ndani yake, na karibu umeme wote uingiao mwisho hugeuka kuwa joto. Joto la swichi moja ni dogo sana, halipimiki kwa kipimajoto chako. Lakini joto la mabilioni ya swichi zilizokaa pamoja si dogo.

Ikumbuke balbu ya zamani, ile yenye waya mwembamba ndani, ya wati 60. Hakuna mtu awezaye kuishika ikiwa imewaka. Prosesa ya kompyuta ya mezani inapofanya kazi nzito yaweza kutumia wati 65, na joto lote hilo hutoka katika eneo dogo kama ukucha. Prosesa ya kompyuta ya mpakato hutumia umeme kidogo zaidi, kwa mfano wati 15, lakini imebanwa ndani ya sanduku jembamba kama daftari kubwa. Tangu hapo waweza kuona kuwa shida ya prosesa si kupata joto. Shida yake ni kulitoa.

Jaribio

Vifaa: vikombe viwili vya bati vilivyo sawa, sahani pana ya bati, sweta, daftari la kupepea, vipimajoto vitatu, maji ya moto na saa.

Mwalimu wako atamimina maji ya moto yaliyo sawa kwa kiasi katika vikombe vyote viwili na katika sahani. Kikombe cha kwanza kifunike na kukizungushia sweta. Kikombe cha pili kiache wazi. Sahani ipepee taratibu kwa daftari. Pima joto la maji katika kila chombo baada ya kila dakika 2, mpaka dakika 20 zitimie. Andika matokeo katika jedwali. Kuwa mwangalifu, maji ya moto huunguza.

Maji ya chombo gani yamepoa kwanza? Ya chombo gani yamebaki na joto mpaka mwisho? Maji yalikuwa sawa, chumba kilikuwa kimoja, na hewa ilikuwa moja. Ni nini kilichotofautiana?

Utakuwa umeona kwamba maji ya sahani yalipoa upesi. Yalikuwa yametandazwa, na hewa iliyopata joto juu yake ilikuwa ikiondolewa na kuletwa nyingine. Kila mtoto aliyekunywa uji asubuhi analijua jambo hili, hata kama hajawahi kuliandika. Sweta nalo halikuyapa maji joto lolote. Sweta halina moto. Lilizuia tu joto lisitoke. Likumbuke neno hili, kwa maana tutalihitaji.

Jinsi prosesa inavyopozwa

Waliounda kompyuta walifanya kama ulivyofanya kwa sahani. Juu ya prosesa hubandikwa kipande cha shaba au alumini, kwa sababu metali hizo hupitisha joto vizuri. Kati ya vitu hivyo viwili hupakwa ute mzito unaofanana na dawa ya meno, ili pasibaki nafasi ya hewa. Joto hupita kutoka prosesa hadi kwenye metali kwa njia ya mpitisho, kama joto lipitavyo katika kijiko kilichotiwa ndani ya chai.

Metali hiyo haikuachwa kama tofali. Imekatwa ikawa na bapa nyingi nyembamba zilizosimama sambamba, nazo huitwa mapezi. Ukitaka kuona mfano wake, nenda mwaloni wakati wavuvi wanaposhusha mbasa, na uombe ufunuliwe shavu la samaki. Utaona matamvua mekundu, membamba na mengi, yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Samaki ana matamvua mengi ili maji mengi yaguse damu yake kwa wakati mmoja. Prosesa ina mapezi mengi ili hewa nyingi iguse metali yake kwa wakati mmoja.

Mwisho kuna feni ndogo. Feni husukuma hewa kati ya mapezi, na hewa iliyopata joto hutokea katika matundu yaliyo ubavuni au nyuma ya kompyuta. Weka kiganja chako karibu na matundu hayo, utaihisi. Lakini fahamu jambo moja: feni haitengenezi baridi. Huleta tu hewa ya chumbani. Kwa hiyo prosesa iliyowashwa haiwezi kuwa na baridi kuliko hewa ya chumba ilimowekwa.

Hesabu ya nyuzi

Sasa tuzirudie shule zetu mbili. Joto la prosesa twaweza kulikadiria kwa kujumlisha. Chukua joto la hewa ya chumba, kisha ongeza joto ambalo prosesa yenyewe hulizidisha juu ya hapo.

Tuseme kompyuta zote mbili ni safi, matundu yake yako wazi, na zinapofanya kazi nzito prosesa huongeza nyuzi 45 za Sentigredi. Mbinga, katika chumba chenye nyuzi 18, prosesa itakuwa na nyuzi 63. Mbamba Bay, katika chumba chenye nyuzi 32, itakuwa na nyuzi 77. Tofauti ni nyuzi 14, nayo ni ile ile tofauti ya hewa ya vyumba viwili. Kompyuta ya ziwani ina joto zaidi, lakini bado inafanya kazi bila hatari.

Lakini ngoja. Mbinga kuna baridi. Tuseme mwalimu wa Mbinga ana kompyuta ya mpakato, na usiku wa Julai ameichukua kitandani, ameiweka juu ya blanketi. Blanketi limeziba matundu yaliyo chini. Hewa haiingii wala haitoki. Sasa prosesa haiongezi nyuzi 45 tena, bali tuseme yaongeza nyuzi 80. Jumlisha: 18 na 80 ni 98.

Kwa hiyo kompyuta iliyo katika baridi ya milimani yaweza kupata joto kubwa kuliko ile iliyo katika joto la ufukweni. Blanketi limefanya kazi ya sweta. Litazame tena jibu uliloliandika katika daftari.

Prosesa inapopata joto kupita kiasi

Je, nyuzi 98 ni nyingi? Ni nyingi. Kwa prosesa nyingi za siku hizi watengenezaji wameweka kikomo kati ya nyuzi 95 na 105. (Maji ya pwani huchemka kwa nyuzi 100. Mbinga huchemka kabla ya kufika hapo, kwa sababu hewa ya milimani ni nyepesi. Ukipata kipimajoto, jaribu.)

Ndani ya prosesa yenyewe mmejengwa vipimajoto vidogo mno. Joto likikaribia kikomo, prosesa hupunguza mwendo wake. Swichi zake hufanya kazi polepole, umeme utumikao hupungua, na joto hupungua pia. Mtu aliyeketi mbele ya kompyuta huona tu kuwa mashine imekuwa nzito. Ikiwa joto halishuki hata hivyo, kompyuta hujizima ghafula.

Prosesa za zamani hazikuwa zote na kinga hiyo. Mwaka 2001 wachunguzi wa Tom's Hardware walifanya jaribio wakalipiga filamu. Waliwasha kompyuta, kisha wakang'oa kipande cha metali chenye mapezi kilichokuwa juu ya prosesa. Prosesa iliyoitwa Pentium 4 ilipunguza mwendo, ikaendelea na kazi. Prosesa iliyoitwa Athlon ilitoa moshi, ikafa papo hapo. Baada ya hapo kinga dhidi ya joto ikawa jambo la kawaida katika prosesa zote.

Hata hivyo, kujizima kuna hasara yake. Tuseme katibu wa shule anaandika majina na namba za watahiniwa wa darasa la saba, naye hajahifadhi kazi yake. Kompyuta ikijizima, saa mbili za kazi zimepotea. Katika zahanati, jambo kama hilo huwafanya wagonjwa wasimame foleni mara ya pili.

Uharibifu wa polepole

Baadhi ya watu hudhani kuwa prosesa iliyopata joto huyeyuka. Haiyeyuki. Silikoni huyeyuka kwa nyuzi 1,414, nayo kompyuta haiwezi kufika huko. Uharibifu wa kawaida ni wa namna nyingine, na huchukua miezi au miaka.

Umekaa darasani chini ya paa la mabati. Asubuhi jua linapopanda, na jioni linapozama, husikia mabati yakilia, ta! ta! Unajua sababu yake: vitu hutanuka vikipata joto, na husinyaa vikipoa. Sasa fikiri juu ya prosesa. Kila siku inapowashwa hutanuka, na inapozimwa husinyaa. Silikoni hutanuka kidogo, shaba hutanuka zaidi, na lehemu iliyounganisha vipande hivyo ina kiasi chake. Kila kimoja chavuta upande wake. Kadiri joto linavyokuwa kubwa, ndivyo mvuto unavyozidi. Baada ya kuvutwa mara elfu nyingi, viungo vidogo huanza kupata nyufa.

Kuna jambo lingine la ajabu. Nyaya zilizo ndani ya prosesa ni nyembamba kupita kiasi. Umeme upitao humo kwa nguvu husukuma chembe za metali kidogo kidogo, kama mto usogezavyo mchanga wake. Joto huharakisha msukumo huo. Mahali fulani waya hukonda, mwishowe hukatika. Waya mmoja tu ukikatika mahali pabaya, prosesa nzima yaweza kuwa haifai tena.

Vipande vingine vilivyo jirani na prosesa huumia mapema zaidi. Ute ule mzito hukauka ukapasuka, na feni huchoka. Vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, kwa kanuni watumiayo mafundi, umri wake hupungua karibu nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Mara nyingi fundi husema, "Prosesa imekufa," kumbe prosesa ni nzima, na kilichokufa ni jirani yake.

Basi jibu la swali letu ni ndiyo: joto kubwa laweza kuharibu prosesa. Lakini mara chache huiua kwa siku moja. Hupunguza umri wake. Kompyuta ambayo ingewahudumia wanafunzi kwa miaka mingi huwahudumia kwa miaka michache, kisha huwekwa stoo ikafunikwa kitambaa.

Vumbi na kungu

Katika shule moja niliyopata kufundisha, kompyuta ya ofisi ilijizima kila siku mchana. Mmoja wetu alisema umeme ni mdogo. Mwingine alisema mashine ina virusi, tukachanga fedha, tukanunua programu ya kuviondoa, nayo ikajizima vile vile. Mwisho fundi aliichomoa, akaifungua. Mapezi hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa na vumbi lililoshikamana kama kipande cha blanketi. Alilitoa kwa brashi laini kwa muda mfupi tu, na kompyuta haikujizima tena. Fedha za virusi hazikurudi.

Mbinga ina vumbi jekundu la kiangazi. Mwambao wa Nyasa una jambo lake. Huenda umewaona kungu, wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kwa wingi hata huonekana kwa mbali kama moshi, kisha husukumwa na upepo hadi nchi kavu. Usiku huifuata taa. Chumba chenye kompyuta na taa iwakayo, madirisha yakiwa wazi na bila wavu, huwapokea wote, na feni huvuta kila kilichomo hewani.

Watengenezaji wengi wa kompyuta huandika katika vitabu vya maelezo kuwa zitumike mahali ambapo hewa haizidi nyuzi 35. Ufukweni kipimo hicho hakiko mbali. Chumba chenye paa la mabati, kisicho na dari, chaweza kukipita adhuhuri, hata kama nje chini ya mwembe kuna nyuzi 31. Kwa maoni yangu, shule ya mwambao yenye fedha kidogo ianze na dari na wavu wa madirisha kabla ya kununua kompyuta ya pili. Kazi nzito na ifanywe asubuhi.

Simu nayo usiiache juani ndani ya mtumbwi, wala usiichaji chini ya mto wa kulalia. Wala mtu asikushauri kuipoza simu katika friji. Umeona jinsi chupa ya soda ya baridi inavyolowa matone ikitolewa nje. Matone hayo hayo yataingia ndani ya simu.

Usifungue kompyuta wewe mwenyewe. Kazi hiyo ni ya mwalimu au fundi, na kwanza huichomoa katika umeme. Lakini waweza kutazama matundu, kusikiliza feni, na kusema ukiona kasoro.

Mazoezi

1. Eleza kwa nini sweta liliyaweka maji katika hali ya joto ingawa sweta lenyewe halina moto.

2. Chumba cha kompyuta cha shule ya Liuli kina nyuzi 34. Tuseme prosesa huongeza nyuzi 45 ikiwa safi, na nyuzi 70 ikiwa imejaa vumbi. Tafuta joto la prosesa katika kila hali. Katika hali ipi itapunguza mwendo wake?

3. Samaki ana matamvua mengi membamba badala ya moja nene. Prosesa ina mapezi mengi membamba. Ni sababu gani iliyo sawa kwa vyote viwili? Ni kitu gani kinachopita katika kila kimoja?

4. Pima joto la hewa ndani ya darasa lako saa 2 asubuhi, saa 6 mchana na saa 9 alasiri, kwa siku tano. Pima pia chini ya mti ulio karibu. Je, chumba chako kingefaa kuwekwa kompyuta? Kwa saa zipi?

5. Ikiwa shuleni kwenu kuna kompyuta, mwombe mwalimu akuonyeshe matundu yake ya hewa. Chora mahali yalipo, kisha uandike kila kitu kilicho karibu nayo kinachoweza kuyaziba.